Mwanangu, kabla hujaenda kwenye hiyo biopsi

Mwanangu,

Salaam nyingi kwako, kwa mkeo na kwa wajukuu zangu. Ujumbe wako nimeusoma, kwamba kile kipimo cha damu cha PSA kimerudi kiko juu tena na daktari anataka ufanyiwe biopsi ya tezi dume kwa altrasaundi, yani kuchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano, na wewe unasema bado unafikiria. Mimi kitanda hicho nimeshakilalia, kwa hiyo acha nikwambie yote bila kuzunguka, maana haya mambo ukimuuliza mwanaume mwenzako anacheka au anabadilisha stori, na we sasa hivi unahitaji kuambiwa kitu kilivyo.

Kwanza, PSA kuwa juu siyo kansa. Ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, inapanda tezi ikikua tu kwa ajili ya umri, ikipata maambukizi, ukiwa na UTI, ukiwa umewekewa mpira wa mkojo karibuni, hata ukitoa manii siku moja mbili kabla ya kutolewa damu. Ndo maana wakarudia. Biopsi inatakiwa kwa sababu pale wanachukua nyama yenyewe wanaiweka chini ya darubini, kipimo cha damu peke yake hakiwezi kusema hii ni kansa au siyo, na picha nayo haiwezi. Ila muulize daktari kama MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaweza kufanyika kwanza. Ikionyesha sehemu yenye mashaka, sindano inaelekezwa pale pale, na ikitoka safi anaweza hata kukwambia tusubiri kidogo.

Na kwako wewe usilichukulie kawaida, kwa sababu mimi baba yako nilikutwa na hiyo kansa. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa damu amepata kansa ya tezi dume, uwezekano wa yeye kuipata ni kama mara mbili ya wengine, na sisi watu weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi hata bila hiyo historia. Kwa hiyo kufikiria sawa, lakini usifikirie mwaka mzima.

Sasa kinachokusumbua nakijua, hutaki kukitaja tu. Ni kile kifaa kupita njia ya haja kubwa. Sikia, tezi iko chini ya kibofu na imegusana na ukuta wa utumbo wa mwisho, ndo maana wakipita huko wanaiona vizuri. Unalala ubavu, magoti umeyavuta kifuani, daktari anaanza na kidole, halafu anaingiza kifaa cha altrasaundi chenye unene unaozidi kidole kwa kiasi kidogo tu, kimevalishwa kondomu na kupakwa jeli ya kutosha. Kinabana, nisikudanganye, unahisi kama unataka kwenda chooni lakini huendi. Kisha anachoma ganzi kuzunguka tezi, hapo inauma kidogo halafu inapoa. Usikubali waanze kabla ganzi haijashika, sema kabisa, daktari bado nasikia. Baada ya hapo ni sindano yenye springi, inaingia na kutoka mara moja na kukata kipande chembamba cha sentimita moja na nusu hivi, na kila ikifyatuka inalia TAK kama stepla. Huo mlio ndo unashtua watu kuliko maumivu yenyewe, kwa hiyo mwombe daktari akusikilizishe kabla hajaanza, mimi nilifanyiwa hivyo na mwili ukatulia. Wanachukua vipande 10 hadi 12, au zaidi kama kuna sehemu MRI imeionyesha. Kwa kawaida haizidi dakika 20. Ukimaliza usinyanyuke haraka, kaa kwanza pembeni ya kitanda maana kizunguzungu kinawapata wengi.

Kuna njia nyingine pia, sindano inapita kwenye ngozi ya msamba, yani kati ya korodani na njia ya haja kubwa, altrasaundi inabaki kule kule. Faida yake ni kwamba sindano haipiti kwenye uchafu wa utumbo, hivyo maambukizi ni machache. Uliza kama hospitali yenu wanaifanya.

Kabla ya siku yenyewe mwambie daktari kila dawa unayomeza, na nikisema kila dawa namaanisha pia zile za kienyeji na za mitishamba. Zinazohusika sana ni za kufanya damu iwe nyepesi, warfarini, klopidogreli, hata aspirini, lakini usiache mwenyewe kienyeji, yeye ndo aseme lini uache au uendelee, kuna watu moyo wao unategemea hizo dawa. Mwambie kama una aleji ya dawa yoyote au ya ganzi, kama una kisukari, kama umewahi kuwekewa valvu ya moyo, na kama miezi ya karibuni umemeza antibayotiki au umelazwa. Hiyo ya mwisho watu wanaipuuza na ndo muhimu sana, kwa sababu bakteria wa tumboni wanaweza kuwa wameshazoea dawa, na wakijua mapema watakuchagulia nyingine. Watapima mkojo pia, ukiwa na maambukizi wanaahirisha, usikasirike.

Baadaye utaona damu. Kwenye mkojo siku chache, kwenye choo siku chache, na kwenye manii wiki kadhaa, mwanzo nyekundu halafu inageuka kahawia kama kutu. Mwambie mkeo mapema asije akadhani una ugonjwa mwingine. Kunywa maji mengi, usibebe vitu vizito siku za kwanza. Nguvu za kiume zinaweza kulegea kwa muda, zinarudi.

Ila mwanangu, kuna vitu vitatu usivisubirie asubuhi. Homa ya 38 na kuendelea au kutetemeka kwa baridi. Kushindwa kabisa kukojoa. Damu inayotoka kwa mabonge au isiyopungua. Ikitokea chochote hapo, hata saa nane usiku, usimeze panadol ukalala, nenda emajensi na uwaambie neno kwa neno, nimefanyiwa biopsi ya tezi dume, maana wasipojua wanaweza kukutibu malaria huku maambukizi yameshaingia kwenye damu, na hayo yanaua.

Majibu yanachukua wiki moja mbili. Kama ni kansa utasikia Gleason, ndo alama ya ukali wake, namba mbili zinajumlishwa, 3+3 inatoa 6 ndo ya chini, 10 ndo kali kabisa. Yangu ilikuwa 6 na mpaka leo sijakatwa wala kuchomwa mionzi, nafuatiliwa tu kwa PSA na MRI, na biopsi nyingine pale inapobidi. Na wakisema hakuna kitu bado endelea na PSA, kwa sababu sindano inachukua sehemu ndogo ya tezi na inaweza kupitia pembeni ya tatizo. Yale maneno ya kwamba sindano inasambaza kansa yasikutie hofu, kwa tezi dume ni nadra mno. Karatasi ya patholojia, yani majibu ya vile vipande kutoka maabara, omba kopi yako uitunze.

Mdogo wako nimeshaongea naye, akigonga 40 aanze kuulizia PSA. Wewe ukipewa tarehe nipigie, nitakuja kukusindikiza, kwa sababu wakiamua kukupa dawa ya usingizi hutaruhusiwa kuendesha gari.

Baba yako