Kipande nilichokikuta kwenye Mkonge la mzee

Newala, Mtwara
14 Septemba

Swahiba Dulla,

Assalaam alaikum. Huku wote wazima, mama anakusalimu sana, Somoe kajifungua mtoto wa kike, na mikorosho imetoa maua ya kutia moyo. Ya kwako utanipa. Tumekaa kimya muda mrefu, lakini leo nina jambo ambalo siwezi kulala nalo.

Ni lile Mkonge, Land Cruiser la marehemu mzee. Nilikuwa nalisafisha ndani, nikavuta kisahani cha majivu pale kwenye dashibodi, nikakuta kipande cha chuma kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye grisi. Picha nimekutumia WhatsApp ila hazionyeshi vizuri. Ni kiduara kifupi, upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, kama faneli iliyokatwa shingo. Kina mpasuko mmoja kutoka juu hadi chini. Ukikibana kwa koleo kinajikunja kidogo, ukiachia kinarudi. Kwa nje kuna ukanda unaong'aa, maana yake kilikaa kimebanwa mahali kwa muda mrefu.

Dereva wa Mama Shaibu ameniambia ni cha kiti. Chande anasema nitupe. Mimi nasema kitu ambacho fundi amekifunga kitambaa, alijua kina pake.

Nikaanzia kwenye hubu, kitovu cha tairi. Unajua za mbele zile, flanji, kile kisahani cha chuma cha nje, inashikwa na stadi sita, bolti zisizo na kichwa, na kila stadi ina koni yake yenye mpasuko chini ya nati. Nikafungua nati moja, nikagonga flanji, koni ikachomoka. Umbo ni lilelile kabisa, lakini ndogo. Nikapima na za nyuma, nazo ndogo. Basi ikabaki sehemu moja, na hapo ndipo moyo uliponishtuka: mkono wa usukani, pale unapofungwa kwa stadi nne kwenye nako, kile chuma kinachogeuka pamoja na tairi.

Nikaingia chini na brashi na dizeli. Kulia pako sawa, nati zote nne zimeinuka kidogo na ukingo wa koni unaonekana chini ya washa. Kushoto, tatu ziko hivyo hivyo. Ya nne washa imelala bapa juu ya mkono, hakuna ukingo wowote. Na Dulla, ni upande huohuo tuliobadilishiwa sili za kuzuia oili baada ya masika, kwa fundi mmoja huko bondeni. Alifungua, akarudisha, moja ikambakia mkononi, akaiweka kwenye kisahani cha majivu bila kumwambia mtu. Hilo limeniuma sana. Mama hupanda gari hilo kwenda kliniki.

Chande ananinunia kwa sababu ufunguo ninao mimi. Anasema usukani hauchezi, nati imekaza, tatizo liko wapi? Nimemweleza mpaka koo limekauka. Tundu la mkono pale limechongwa pana juu na jembamba chini kusudi koni ijibane, ishike stadi pande zote. Bila koni, stadi inasimama katikati ya tundu pana, nati inabana washa tu, na kila shimo la barabarani linaisukuma stadi huku na huku. Itachoka, itakatika. Baada ya hapo zile tatu zinabeba mzigo wa nne, nazo zinaanza kulegea. Zikiachia zote, unageuza usukani na tairi linakwenda linakotaka. Na barabara yetu ni ile ya kuteremka kwenda Masasi! Jumamosi kuna watu wa arusi wanataka kupelekwa, na minada ikianza kuna magunia ya kupeleka ghalani. Wakodi gari jingine. Nimeshasema, na mjomba yuko upande wangu, alhamdulillahi.

Grisi ya upande huo nayo imekuwa nyepesi, inatiririka mpaka kwenye tairi. Nadhani oili ya difu, ile ya gia za ekseli, imeshapita sili ya ndani, ile aliyodai kaweka mpya... Hilo tutalishika baadaye. Kwanza stadi.

Sasa nakuomba, wewe uko karibu na Gerezani, kwenye maduka ya spea huko Dar. Nitafutie koni nne za mkono wa usukani za HZJ75, stadi nne, springi washa na nati zake. Chukua za kiwandani hata kama bei inauma, usikubali stadi za kuchongwa, chuma chake laini. Fungasha vizuri, weka kwenye basi la Mtwara, nitashuka kuchukua stendi. Niambie jumla nikurushie leo leo.

Na unijibu haya, tafadhali. Hiyo koni ya zamani inafaa kurudishwa, au ikishakaa nje huku mpasuko umefunguka haifai tena? Nibadilishe stadi zote nne, au hiyo moja iliyokuwa tupu? Zinakazwa kwa kipimo gani, na nizikague tena baada ya kutembea umbali gani? Nikifungua mkono, zile shimu za kingpini, vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi pale nako inapogeukia, zitavurugika? Yule mzee wa Ilala aliyekufundisha bado yupo, na anaweza kutazama picha? Na wewe unakuja lini? Mtoto wa Somoe hajapewa jina, wanakusubiri.

Wako,
Issa