Bugatti ya ziwani iachwe na kutu yake

Ndugu Mhariri,

Kila inapotajwa Bugatti Brescia ya 1925 (gari la zamani la michezo), iliyoopolewa mwaka 2009 Ziwa Maggiore, mpakani mwa Italia na Uswisi, kutoka kina cha zaidi ya mita 50, watu huuliza kwa nini haikutengenezwa. Januari 2010 iliuzwa mnadani Paris kwa euro 260,500, na mnunuzi, Peter Mullin, mkusanyaji wa magari ya kale wa California, akaiacha na kutu yake. Alifanya sawa.

Ukikata bati lililooza hutaishia hapo. Mkasi unafuata madigadi, kisha mbao za bodi, kisha chasisi iliyoliwa kwenye ribiti, na mwisho kilichobaki cha asili ni namba ya chasisi tu. Brescia nzima zinazotembea bado zipo. Iliyolala ziwani miaka mingi ni hii moja.

Ila kuhifadhi si kutelekeza. Chuma kilichotoka majini kikikauka haraka hubanduka magamba, na mbao hupasuka, hivyo gari likaushwe polepole. Tope litolewe kwa brashi laini na maji safi. Mashine ya maji ya presha na kupiga mchanga kwa hewa ya presha ni marufuku, maana mara nyingi kutu ndiyo inayoshikilia umbo. Kutu iliyobaki ipakwe asidi ya taniki (ile ya magome ya miti) iliyozimuliwa. Hugeuka nyeusi na kutulia. Kisha nta, si vanishi, kwa sababu vanishi ikichubuka unyevu huingia chini yake na huoni. Pale alumini inapogusana na chuma pachunguzwe zaidi: penye unyevu, alumini ndiyo huliwa kwanza.

Fundi bodi,
Tanga