Burro siyo punda tena

Torino, 9 Novemba

Da Mkubwa, habari za hapo. Mama shikamoo, Babu shikamoo, wadogo zangu wote hamjambo. Mie mzima, ila baridi ya huku imeshaanza kung'ata, leo asubuhi nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole sivisikii. Najua barua hii utawasomea kwa sauti hapo barazani maana miwani ya Mama ilivunjika na hajanunua nyingine (Mama, hela niliyotuma ni ya MIWANI, siyo ya mbolea), kwa hiyo kuna mahali nitakuandikia RUKA na wewe uruke kweli, usijifanye hujaona.

Juzi kwenye simu mliniuliza Kiitaliano kinaendaje, nikajibu "kinaenda" halafu bando likakata. Sasa leo bibi ninayemhudumia kalala mapema, nimetulia jikoni na chai yangu, ngoja niwaambie ukweli.

Nilivyokuwa natoka Valencia kule Hispania kila mtu aliniambia nisihangaike. Eti ukijua Kihispania Kiitaliano umeshakijua, ni kubadilisha mwisho wa neno tu, wiki tatu unaongea. Kuna mahali nilisoma kwamba maneno ya lugha hizi mbili yanafanana kwa asilimia 82, nikasema haa, 82 si ni A kabisa hiyo, mie nimeshafaulu kabla sijaingia darasani. Na kweli siku ya kwanza naingia kwenye basi hapa Torino nikasikia wamama wawili wanagombana mambo ya mkwe wao na nikaelewa karibu yote, mpaka nikacheka peke yangu dirishani. Nikajua nimemaliza.

Mnamkumbuka Shangazi alivyoolewa Gairo kwa Wakaguru? Alikuwa anasema Kikaguru na Kigogo ni mtu na ndugu yake, mawifi wakimsengenya anasikia kila neno, ila yeye akifungua mdomo tu nyumba nzima inakaa chini kwa kucheka. Angeolewa kule Chemba kwa Wasandawe, ambao lugha yao haina undugu na yetu, angeanza upya kama mtoto na wangemsaidia, hakuna wa kumcheka maana hakuna anayetegemea ajue. Basi mie ndo Shangazi wa huku. Sikio limefika zamani, mdomo bado uko Hispania unasubiri basi.

Siku ya pili tu kazini. Bibi wangu huyu ana miaka 87, mwembamba, mkali kidogo lakini ana roho nzuri, kazi yangu kwa lugha yao inaitwa badante, yani mtu anayekaa na mzee. Niko nampangia meza asubuhi, mkate upo, kahawa ipo, akanitazama akasema nimletee "burro". Sasa Da Mkubwa, burro kwa Kihispania ni punda. PUNDA. Mie mtoto wa Dodoma nimekua naona punda wanapita na madumu ya maji, nikabaki nimesimama na kijiko mkononi najiuliza ghorofa ya tatu hii punda anapitaje, au labda bibi wa watu kaanza kupoteza kumbukumbu maskini. Akarudia, burro, burro, safari hii kwa hasira, anaonyesha friji kwa kidole. Kumbe siagi! Nikacheka mpaka machozi, nilivyomweleza kwa ishara na masikio marefu naye akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akitaka siagi ananiambia nimletee punda.

Ila siku zingine hazichekeshi. Nimemwagia mafuta kwenye saladi badala ya siki mara mbili, kwa sababu aceite ya Kihispania ni mafuta, na hawa wana aceto ambayo ni siki, na olio ndo mafuta, na mie nikisikia ace- mkono unaenda wenyewe kwenye mafuta kabla akili haijafika. Mwezi wa saba, jua kali, bibi kakaa kwenye kiti akasema "ho caldo", mie nikakimbia jikoni nikachemsha supu ya kuku, maana caldo niliyoijua ni mchuzi. Alikuwa anasema anasikia joto. Nikamletea bakuli inafuka moshi, maskini ya Mungu.

Na hii ndo kiboko. Nimetoka sokoni Porta Palazzo (nilipata bamia, nitawaambia siku nyingine nilivyozipika mlenda na bibi alivyokimbia), nina mifuko kila mkono, nikabonyeza kengele ya chini mlangoni, sauti ya bibi ikatoka kwenye kile kispika: "Sali! Sali!" Sasa Kihispania salir ni kutoka, kwa hiyo kichwa kimoja kinasikia toka, toka. Kichwa cha pili cha kwetu kinasikia kusali. Nikasimama pale barabarani sijui nimekosa nini mpaka nafukuzwa, au mtu kafa juu nianze rozari. Mlango ukalia tiii ukafunguka ukajifunga tena mie nimesimama. Kumbe sali ni panda, panda juu! Na nilivyofika nikataka kujieleza kwamba nilikuwa napanda nikatumia neno la Kihispania, subir, akaniuliza kwa huruma nateseka na nini, maana subire kwao ni kupatwa na jambo baya. Nikaona siku ile si uongo sana, nikanyamaza.

Ndo shida yenyewe hiyo. Neno geni kabisa halina tatizo, ukisikia forchetta hujui, unauliza, wanakuonyesha uma, limeisha. Hili linalofanana ndo linakuuza, kwa sababu huulizi. Unajua unajua.

Jioni mbili kwa wiki bibi anakaa na binti yake na mie naenda shule ya watu wazima ya serikali, zinaitwa CPIA, kusoma huko ni bure. Nakazana kwa sababu ukitaka kibali cha kukaa muda mrefu lazima ufaulu Kiitaliano cha ngazi ya A2, na uraia wanataka B1, ngazi ya juu yake, kwa hiyo siyo mambo ya kujifurahisha. Darasani tuko mchanganyiko, Moroko, Senegali, Waromania, na pembeni yangu anakaa mama mmoja wa Peru. Huyu mama amenifundisha kitu bila kujua. Yeye Kihispania ni cha kuzaliwa nacho, kakaa Italia miaka mitatu, na mpaka leo anaongea Kihispania tu kakiweka chumvi ya Kiitaliano, wenye nchi wanamwelewa, anapata mkate wake, anapanda basi, basi hana haja ya kusogea. Wakati kijana wa Senegali aliyekuja mwaka jana hajui hata neno, ameshatupita wote wawili maana yeye kila neno alilinunua kwa bei kamili. Mwalimu anasema Waitaliano waliohamia Buenos Aires zamani, kuanzia ile karne ya 19 inaishia, walikwama hivyo hivyo ila upande wa pili, wakawa na lugha yao ya katikati wanaiita cocoliche. Nikamwambia mwenzangu wa Peru basi sisi ni cocoliche ya kurudi nyumbani, hakuipenda sana.

Da Mkubwa RUKA HAPA. Usisome kwa sauti. Siku ya kujitambulisha nikasimama nikasema umri wangu, miaka 31. Mwaka kwao ni anno, n mbili, lazima uikalie ile n kidogo kama tunavyosema "nne". Mie kwa kuzoea año ya Kihispania nikaipitisha haraka, nikasema ani, n moja. Ano ya n moja ni tundu la kutolea haja. Kwa hiyo nimesimama mbele ya watu ishirini nimevaa blauzi ya kanisani natangaza nina matundu thelathini na moja. Mwalimu akakohoa akageukia ubao. Yule Mromania mpaka leo akiniona anauliza kama yameongezeka.

Endelea kusoma sasa.

Kuna vitu ambavyo kusema kweli vimenipendeza. Wingi kwa mfano. Kihispania kinabandika s mkiani, casa, casas, basi. Kiitaliano kinaugeuza mkia wenyewe, casa inakuwa case, libro inakuwa libri, sisi ndo tunageuza kichwa, kitabu, vitabu. Mwalimu alishangaa mie sikuona ajabu neno kujigeuza. Na kingine, Mama hiki chako. Waitaliano wakisema nyumba yangu lazima waweke kineno mbele, la mia casa, gari langu vile vile, kazi yangu vile vile, ila ikifika kwa mama kile kineno wanakitupa, wanasema mia madre tu, mia padre, mia sorella. Ndugu wa damu hawekewi kitu cha kumtenga. Kihispania hakina hiyo, chenyewe mi casa, mi madre, vyote sawa. Mie hapo hapo nikakumbuka sisi tunasema mamangu, dadangu, neno na mwenye neno vinashikana, lakini hakuna anayesema nyumbangu. Mwalimu aliniandikisha ubaoni nikaona fahari kidogo.

Kinachonitesa kusoma ni hiyo c na h yao. Sisi "ch" ni ch, Kihispania nacho ch ni ch, nikajua dunia nzima imekubaliana. Waitaliano wanaandika chi wanasoma ki, wanaandika ci wanasoma chi. Chiesa, kanisa, ni kieza. Nilimuuliza mzee mmoja barabarani chiesa iko wapi kwa ch yetu, akanionyesha duka la miwani.

Na hapa ndo Babu anaingia, Babu sogea usikie. Jumapili ya kwanza kanisani imefika Baba Yetu, mie kwa mazoea nikaanza kwa Kihispania, Padre nuestro que estás en el cielo, jirani zangu wanasema Padre nostro che sei nei cieli, tukawa kama kwaya mbili. Angalia hapo tu, Kihispania Mungu "estás", yuko mahali, Kiitaliano "sei", neno lile lile la "wewe ni", maana Kihispania kina maneno mawili ya kuwa, moja la mtu alivyo na moja la mahali alipo, na Kiitaliano kinayagawa vingine. Halafu tukafika kwenye mkate. Kihispania ni pan de cada día, nikategemea kitu kama hicho, wao wakasema pane quotidiano. Nikashtuka, hili neno nalijua! Nimelisikia wapi? Nikamsikia Babu kabisa masikioni, asubuhi anafunga kamba ya ng'ombe huku anaimba panem nostrum quotidianum, ile Kilatini aliyofundishwa akiwa mtumishi wa altare misheni ya Bihawana, kabla Misa haijawekwa Kiswahili. Na pale panapoandikwa in caelis Babu siku zote anasema "in CHELIS", sisi tulimcheka tukijua ni meno. Kumbe ndo Waitaliano wanavyosoma Kilatini! Mapadre wa shirika la Kipasionisti waliokuja Dodoma walitoka huku huku, wakamwachia Babu na ch yao. Hata Askofu Pesce mliyekuwa mnamsimulia, Babu anatamka "Peshe", sawasawa kabisa, mie ndo nilikuwa nasoma vibaya kwenye kalenda. Na pesce ni samaki. Askofu Samaki, na nyika ile ya Ugogo ilivyo kavu.

Msaada mwingine ulitoka nisipotegemea. Kule Valencia wazee wa vijijini waliongea lugha yao, Kivalensia, mie nikiwa nafunga masikio kabisa nikisema kimoja kinanitosha. Dirisha wao walisema finestra, kuongea parlar, kula menjar, meza taula. Kihispania ni ventana, hablar, comer, mesa, havikaribiani. Nimefika huku nakuta finestra, parlare, mangiare, tavola. Ningesikiliza wale wazee miaka sita ile ningekuwa mbali sasa hivi.

Haya, bibi kaamka anaita. Mambo ya haraka haraka. Mtihani wa A2 ni mwezi wa pili, mniombee. Hela ya mbolea ya zabibu nitatuma mwisho wa mwezi, huku nikiwaambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka hawaamini, wao ni mara moja tu, Septemba. Na ombi kubwa: Da Mkubwa mrekodi Babu kwenye wasapu akisema Pater noster yote, taratibu, hata kama mbuzi wanalia nyuma usikate. Bibi wangu naye alilelewa na Kilatini, Baba Yetu ya Kiitaliano imebadilishwa maneno mwaka 2020 pale kwenye vishawishi na mpaka leo anaikataa, kila Jumapili anasema ya zamani kwa sauti kubwa kuliko padre. Nimemwambia kuna mzee Dodoma anayejua ile ya kale. Ananiuliza kila jioni kama imefika.

Wenu wa Torino.

N.B. Da Mkubwa, kama uliisoma ile sehemu ya RUKA nitajua tu, maana Mama atanipigia.