Mtumishi wa umma hafukuzwi jukwaani

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi miaka 22 katika masijala ya halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini. Barua za watumishi zilikuwa zinapita mikononi mwangu: nazipokea, nazipa namba ya folio, yaani namba ya mfuatano ndani ya jalada, nazitia kwenye jalada la mhusika. Sasa nimestaafu, niko Uyole nalima viazi. Kilichonifanya nishike kalamu ni sauti niliyoisikia redioni wiki iliyopita, kiongozi akimwambia mtumishi mbele ya umati, "Kuanzia leo huna kazi," na watu wakilipuka kwa shangwe. Hao walioshangilia ndio ninaowaandikia, maana hasara inayofuata huwa ni yao.

Tulikuwa na mtendaji wa kijiji ambaye wananchi walimlalamikia kwa michango ya darasa. Kila kaya ilitoa shilingi 20,000. Mama mmoja mjane alikuwa ameitunza stakabadhi yake ndani ya Biblia, akaja nayo ofisini kwetu imekunjwa mara nne. Ilisomeka 20,000. Tulipofunua kitabu alichobaki nacho mtendaji, nakala ya stakabadhi hiyo hiyo ilisomeka 2,000. Namba ni moja, tarehe ni moja, jina la mama ni lile lile, ila sifuri moja haipo. Karatasi ya kaboni haikuwekwa. Nakala iliandikwa peke yake baadaye, na hata wino ulikuwa wa kalamu nyingine. Niliziona zote mbili juu ya meza yangu. Kesi nyepesi kuliko ile sijawahi kuiona.

Kabla hatujafika popote, kijiji kikapata ugeni wa kiongozi. Mkutano ulifanyika chini ya mvua, watu wamejifunika maturubai na mifuko ya mbolea. Malalamiko yakatolewa, mtendaji akaitwa mbele, akafukuzwa kazi pale pale. Vigelegele vikapigwa. Kesho yake ofisi ikamwandikia barua ya aya moja ya "kutekeleza agizo". Folio yake niliiandika mimi.

Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, iliyotungwa mwaka 2002, haimpi mtu nguvu hiyo kwa sababu tu ameshika kipaza sauti. Inaitambua mamlaka ya nidhamu, na kwa mtumishi wa ngazi ile mamlaka hiyo imo ndani ya halmashauri inayomwajiri. Hata mkurugenzi mwenyewe hawezi kufukuza kwa mdomo. Kosa la kumtoa mtu kazini lina njia yake: mtumishi apewe hati ya mashtaka inayotaja kosa, apewe muda wa kujitetea kwa maandishi, na akikana iundwe kamati ya uchunguzi imsikilize yeye na mashahidi. Haki ya kusikilizwa imo pia kwenye Katiba, Ibara ya 13. Wapo watakaosema mkuu wa wilaya au wa mkoa ana mamlaka makubwa. Ni kweli, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu, kwa masharti, kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Kumweka mtu ndani na kumwachisha kazi ni mambo mawili tofauti.

Mtendaji wetu alikata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Tume ikaagiza vielelezo. Nilipolifungua jalada nitoe nakala, mikono ilinilegea. Hati ya mashtaka hamna. Utetezi hamna. Kamati haikuundwa, kwa hiyo zile stakabadhi mbili hakuna aliyewahi kuziweka pamoja mbele ya kikao chochote. Tume ilifanya kazi yake sawasawa: ikatengua. Akarudi ofisini na malimbikizo ya mishahara ya miezi 14. Mlango wa kuanza upya kwa kufuata utaratibu uliachwa wazi, ila kufikia hapo mkurugenzi alishahamishwa, afisa utumishi ni mpya, na kitabu cha stakabadhi hakionekani. Darasa likakaa misimu miwili ya mvua bila bati.

Haraka hiyo hiyo huwaangukia wasio na hatia. Muuguzi wa zahanati alitajwa mkutanoni kuwa mtoro. Utoro wa zaidi ya siku tano bila ruhusa unaweza kweli kumfukuzisha mtu. Lakini yeye alikuwa amelazwa, na barua ya daktari ilikuwa kwetu masijala, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna aliyeuliza. Binti wa watu akaamini kwamba aliyefukuzwa na mkubwa hana pa kukata rufaa, akajifungia kwao Makete mpaka siku za rufaa zikapita. Hilo linaniuma kuliko la mtendaji.

Mwanangu mwenyewe alitafuta ajira serikalini. Sekretarieti ya Ajira, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, ilimpitisha kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano. Mara ya kwanza alikosa, mara ya pili akapata, na hakuna mjomba aliyempigia mtu simu. Baada ya hapo akakaa miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa. Kazi inayoingiwa kwa mitihani na vyeti kukaguliwa kimoja kimoja, itokeje kwa sentensi moja ya mtu aliyefika kijijini saa nne na kuondoka saa saba?

Viongozi wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, nawaomba: mkisikia malalamiko ya namna hii, chukueni jina, chukueni vielelezo, mkabidhini mkurugenzi pale pale mbele ya wananchi na mumpe tarehe ya kurudi na majibu. Wananchi watawaheshimu vile vile. Na maafisa utumishi, msikubali kuandika barua ya kutekeleza agizo kabla ya hati ya mashtaka. Najua kumwambia mkubwa "bado" kunatisha. Mimi nilinyamaza, na sikupaswa kunyamaza.

Yule mama alinijia siku mtendaji aliporudi kazini. "Baba, karatasi yangu mliipeleka wapi?" Ilikuwa kwenye droo yangu, haijaenda popote. Nikamrudishia. Akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha ndani ya Biblia.

Mstaafu wa masijala,
Uyole, Mbeya