Barua kutoka Baku: Taifa Stars ilipocheza ugenini kwangu

Baku, Azerbaijan
27 Machi 2024

Wazazi wangu wapendwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima wa afya na funga yenu ya Ramadhani inakwenda vyema hapo Makunduchi. Mimi sijambo, ila upepo wa kaskazini wa huku, ambao wenyeji huuita khazri, unapenya koti mpaka mifupani. Juzi Jumatatu niliuvumilia jukwaani mwanzo hadi mwisho wa mchezo, kwa sababu Taifa Stars, timu yetu ya soka ya Tanzania, ilikuwa inacheza, na tumeifunga Mongolia mabao 3 kwa 0.

Najua kaka Haji ameandika kwenye simu kwamba mashindano haya ni bonanza tu, kwa kuwa hayana kombe wala fainali. Baba, naomba umsomee sehemu hii. Mashindano haya, FIFA Series, ndiyo kwanza yanafanyiwa majaribio mwezi huu, na nia yake ni kuzikutanisha timu za mabara tofauti ambazo kwa kawaida hazionani. Hapa tumekuwa timu 4, yaani wenyeji, Bulgaria, Mongolia na sisi, kila moja ikicheza mechi 2. Sri Lanka nayo imezialika Bhutan, Papua New Guinea na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tangu nchi za Ulaya zilipoanza Ligi yao ya Mataifa mwaka 2018, siku nyingi za mechi za kimataifa huzimaliza wenyewe kwa wenyewe, na timu ya kiwango chetu ikitafuta mechi ya kirafiki huishia kurudi kwa majirani zetu wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, ambao tunawajua mpaka namna beki wao wa kushoto anavyogeuka. Utajipimaje kwa mtu mmoja yule yule miaka yote?

Ijumaa ya tarehe 22 Bulgaria walitufunga bao 1 kwa 0. Baba, ni wewe uliyenisimulia habari za mshambuliaji Stoichkov na Bulgaria iliyoshika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la 1994. Leo si timu ile tena, lakini kupoteza kwa bao moja mbele yao hakukunivunja moyo, bali kulinipa hamu ya kuiona mechi ya pili kwa macho yangu.

Asubuhi ya Jumatatu nilijifunga mabegani ile kanga ya mama niliyokuja nayo. Wiki hii huku ni sikukuu ya mwaka mpya, Nauruzi, ambayo asili yake ni moja na ya Mwaka Kogwa wetu, na mlangoni mwa hosteli imewekwa sahani ya ngano iliyooteshwa, mabichi yake yamefungwa utepe mwekundu. Mama anayetulinda mlango alinishika kanga, akapitisha kidole juu ya maandishi yake herufi kwa herufi, kisha akaniuliza yanasema nini. Nilishindwa kumfasiria vizuri. Alinifungia shekerbura mbili, vile vitumbua vyao vya kuoka vyenye lozi ndani, nikaziweka kwa ajili ya futari.

Wimbo wa taifa ulipopigwa nililia, sioni haya kusema. Haji akumbuke kwamba Januari, kule Ivory Coast, katika mechi 3 za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, tulipata bao 1 tu, lile la Simon Msuva dhidi ya Zambia, na kwamba katika fainali 3 za kombe hilo tulizoshiriki, yaani za 1980, 2019 na hizo za juzi, hatujashinda hata mechi moja. Vijana waliozoea kurudi nyumbani hivyo, chini ya Hemed Suleiman "Morocco", mwalimu wa kwetu Zanzibar, wamekuja mbali kiasi hiki wakafunga mabao 3 bila lango lao kuguswa. Mongolia ni wadogo, naam, lakini nao walikuwa na wimbo wao wa taifa, na walikimbia mpaka filimbi ya mwisho.

Mama, kanga nimeifua, haina doa. Nimempigia Haji picha ya ubao wa matokeo, nitaituma pamoja na barua hii, aiweke pale anapoweka picha za timu zake za Uingereza.

Wasalimieni wote hapo nyumbani, na mniombee kwa mtihani wa mwezi ujao.

Binti yenu,
Mwanaidi