Msitufutie hadithi zetu kwenye magrupu ya wagonjwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo manake hili jambo limenikaa moyoni.

Mi ni mama wa mtoto wa miaka 9 mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wanaouita sickle cell, tunakaa huku Tororo, Uganda. Niko kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wenye watoto kama wangu na limenisaidia kweli, dawa zikikosekana tunaambiana wapi zipo, siku ya kliniki tunakumbushana. Sasa usiku mmoja mtoto alishikwa na maumivu ya miguu, nikampa dawa na maji mengi, nikamkanda na kitambaa cha maji ya moto mpaka saa nane ndo akapitiwa na usingizi, mi wangu ukakataa. Nikachukua simu nikaandika yote, vile baba yake alivyoondoka majibu ya damu yalipotoka, vile mama mkwe anasema kwao hakuna ugonjwa huo (na kumbe mtoto anaurithi kwa wazazi wote wawili), vile naogopa mvua ikianza kunyesha tu, manake baridi inamwamshia maumivu. Ilikuwa ndefu. Kabla ya alfajiri mama mmoja wa Lira akanijibu, "Dada, hata mi niko macho, wangu yuko kwenye dripu." Basi. Nililia, halafu nikalala.

Kuamka nakuta admini kafuta, kaandika hapa ni pa taarifa siyo pa hadithi.

Najua anajitolea, halipwi, lakini hapo amekosea kabisa. Mwaka 1986 huko Marekani, mwanasaikolojia Pennebaker na mwenzake waliwaambia wanafunzi waandike mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wakishamaliza kuandika walikuwa na huzuni, ni kweli, ila miezi iliyofuata walienda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Na hapa kwetu je? Miaka ya 90 akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wa Uganda wenye virusi vya ukimwi, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Shangazi yangu naye aliandika chake kwenye daftari la shule, picha ya harusi kaibandika kwa uji wa muhogo, kaandika kijiji chetu, mababu, siku binti yake alipoanza kutembea, na kwamba alikuwa anakataa maziwa. Huyo binti sa hivi ana watoto wake na daftari bado analo, kalifunga kwenye leso. Hakuna aliyemwambia shangazi afupishe.

Kwa hiyo naomba maadmini, kama meseji ndefu zinawachosha watu fungueni grupu la pili la hadithi, na mtu asipeleke maneno ya mwenzie nje, hilo muwe wakali. Wa kufutwa ni wale wanaotuuzia mizizi ati inaponya selimundu kwa wiki mbili.

Mi yule mama wa Lira namba yake ninayo, tunaandikiana. Ila wiki hii wameingia wazazi wapya wanne, wamesalimia tu wakanyamaza, na nadhani wameisoma ile sheria.

Mama wa selimundu,
Tororo