Barua kwa mwanangu: mtu wa lile daraja la njano

Mwanangu mpenzi Salimu,

Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako amekwisha kupona mafua. Picha uliyoipiga juu ya lile daraja la njano la Pittsburgh, huko Marekani, imetufikia, ila kibao kimekatwa na jina lililobaki ni "Roberto Clem". Uliandika pia kwamba kazini sasa wanakuita Sam, kwa kuwa Salimu linawashinda. Linawashinda vipi, jina la silabi tatu? Hata hivyo, uliniuliza ni nani huyo hata akapewa daraja, nami habari zake nimezisoma kwa muda mrefu, ingawa besiboli yenyewe, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, sijapata kuicheza.

Roberto Clemente alizaliwa mwaka 1934 huko Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico, akiwa kitinda mimba wa Mzee Melchor Clemente, mnyapara wa mashamba ya miwa, na Bi Luisa Walker. Shuleni alikuwa hodari wa kurusha mkuki, na mkono huohuo ndio uliomjengea sifa baadaye. Alilinda upande wa kulia wa uwanja. Mpira ukiangukia pembeni kabisa, karibu na ukuta, aliuokota huku akigeuka, akaurusha moja kwa moja hadi kituo cha tatu kati ya vinne ambavyo mpinzani huvizunguka mbio ili apate alama, na mkimbiaji aliyedhani amekwisha kufika akakuta mpira umemtangulia. Tuzo ya ulinzi bora, Glovu ya Dhahabu, aliipata mara 12.

Aliingia timu ya Pittsburgh Pirates mwaka 1955, akadumu nao misimu yake yote 18. Alikuwa mweusi, tena msemaji wa Kihispania, kwa hiyo dharau ilimjia kwa milango miwili. Katika mazoezi ya kabla ya msimu kule Florida, ubaguzi ulimzuia kulala hoteli moja na wenzake weupe. Waandishi wa magazeti walinukuu Kiingereza chake kwa tahajia ya kejeli, na alipolalamikia mgongo, ulioumia mwishoni mwa 1954 gari lake lilipogongwa na mlevi, wakamwona mtu wa kujisingizia maradhi. Hata kadi za wachezaji, zile wanazokusanya watoto, zilichapwa kwa miaka kadhaa kwa jina la "Bob Clemente". Yeye aliendelea kujiita Roberto.

Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 37, aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa dhidi ya Baltimore Orioles katika mechi saba, akipata pigo salama, yaani kuupiga mpira na kufika kituoni bila kutolewa, katika kila mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo. Kamera za televisheni zilipomwelekea, kabla ya kuwajibu kwa Kiingereza aliomba aseme machache kwa Kihispania: akawatakia wanawe baraka, akawaomba wazazi wake wampe radhi zao. Nilipomsomea mama yako mahali hapa, aliacha kuchambua mchele.

Tarehe 30 Septemba 1972 alipata pigo lake salama la 3,000, idadi ambayo wachezaji kumi tu walikuwa wameifikia kabla yake, na katika msimu wa kawaida hakupata jingine tena. Desemba tetemeko liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua, alikokuwa wiki chache kabla akifundisha timu ya Puerto Rico. Alikusanya misaada, akasikia kwamba iliyotangulia ilikuwa ikiporwa na askari wa Somoza, mtawala wa Nicaragua, akaamua kuisindikiza mwenyewe, akiamini hakuna atakayethubutu kuigusa mbele yake. Ndege ilikuwa kuukuu na mzigo umepita kiasi. Mimi, kama mzazi, ningemshika mkono asipande. Usiku wa 31 Desemba ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan. Watu wote watano waliokuwamo walikufa, na mwili wa Clemente haukuonekana hadi leo.

Kwa desturi, mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kuacha kucheza ndipo afikiriwe kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli lililoko Cooperstown. Kwake sharti hilo liliondolewa, akaingizwa mwaka 1973, mtu wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupata heshima hiyo. Lakini bamba la shaba walilomtengenezea waliliandika "Roberto Walker Clemente". Kwao Puerto Rico jina la ukoo wa baba hutangulia na la mama hufuata, kwa hiyo alipaswa kuwa Roberto Clemente Walker. Waliomheshimu walimpindua majina mbele ya watu wote, na bamba likakaa hivyo hadi mwaka 2000, lilipotengenezwa upya.

Daraja lenyewe lilipewa jina lake mwaka 1998. Ukipita tena, mwombe mtu akupige picha nyingine, kibao kionekane chote, na nyuma yake uandike jina la babu yako, yaani lako, nami niitundike sebuleni.

Radhi zetu unazo.

Baba yako